Haki Zilizoandikwa na Mlango wa Mahakama

Katiba ambayo Tanganyika iliingia nayo katika uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu. Nilipokuwa nikifundisha somo la Uraia, jambo hili ndilo lililowashangaza wanafunzi kuliko mengine yote, kwa sababu walikuwa wamezoea kuziona haki hizo katika ibara ya 12 hadi ya 24 za Katiba ya sasa ya Tanzania, wakadhani zimekuwapo tangu bendera ilipopandishwa. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, katiba zao zilikuwa na sura kamili ya haki, iliyofuata mfano wa Nigeria, nao mfano huo ulikuwa umechota sana kutoka Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950. Tanganyika haikuisahau sura hiyo. Serikali ya TANU iliikataa, na ilikuwa na sababu zake.

Sababu hizo zinastahili kusikilizwa kabla ya kulaumiwa. Wakati huo majaji karibu wote walikuwa wageni walioteuliwa na wakoloni, na Waafrika waliokuwa mawakili walikuwa wachache mno. Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, Augustine Saidi, alipatikana mwaka 1971. Viongozi wa TANU waliona kwamba kumpa jaji wa namna hiyo mamlaka ya kubatilisha sheria zilizotungwa na wawakilishi wa wananchi, tena katika nchi maskini iliyokuwa na haraka ya kujenga shule na zahanati, ni kutafuta ugomvi kati ya Mahakama na Serikali mapema mno. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kila kitu. Imani ya TANU yenyewe ilisema kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila raia ana uhuru wa kutoa mawazo, kwenda anakotaka, kuamini dini anayoitaka na kukutana na wenzake, ndani ya mipaka ya sheria. Kwa hiyo chama hakikuwa na shida na haki zenyewe. Kilichokuwa na shida nacho ni mtu wa kawaida kusimama na haki hizo mbele ya jaji na kumwambia jaji aitazame sheria ya Serikali kwa jicho la haki hizo.

Matokeo ya uamuzi huo hayakuchelewa kuonekana. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani, na amri yake haikuweza kuhojiwa katika mahakama yoyote. Sheria za kikoloni kama ile ya mwaka 1921 ya kuhamisha watu kwa nguvu kutoka wilaya moja kwenda nyingine zilibaki vitabuni zikitumika. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilizitaja haki katika utangulizi wake, kwa maneno mazuri kabisa, ila mahakama zilipoombwa kuyatumia maneno hayo zilisema utangulizi si sehemu ya Katiba. Badala ya sura ya haki, nchi ilipewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 na ambayo mwananchi aliweza kuipelekea malalamiko dhidi ya watendaji wa Serikali na chama. Tume hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika, nayo iliwasaidia watu wengi waliodhulumiwa mishahara, ardhi au kazi, lakini haikuwa na nguvu ya kufuta sheria wala kuamuru mtu aachiliwe. Iliweza kumshauri Rais, kisha ikabidi isubiri.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1983, na namna yalivyobadilika inanivutia kwa sababu haikupangwa. Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kurekebisha Katiba yaliyohusu madaraka ya Rais, uwezo wa Bunge, Muungano na uwakilishi wa wananchi. Haki za binadamu hazikuwa ajenda. Wananchi walipopewa nafasi ya kujadili, hasa Zanzibar, na kwa upande wa Bara wanasheria kupitia chama chao, ndio waliosema kwamba mjadala hauwezi kukamilika bila sura ya haki. Ikumbukwe pia mwaka huo ulikuwa wa namna gani. Hayati Edward Sokoine alikuwa akiongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu iliyotungwa kwa ajili hiyo iliunda baraza la kuwahukumu washtakiwa ambao hawakuruhusiwa kuwa na wakili, hawakupewa dhamana, wala hawakuwa na pa kukata rufaa. Nisingethubutu kusema kwamba kampeni hiyo ilichukiwa. Watu waliochoka kupanga foleni ya sukari na sabuni waliifurahia sana. Hata hivyo, watu wale wale walikuwa wakiona jinsi mtu anavyoweza kuchukuliwa nyumbani kwake na asiwe na pa kulalamikia. Juu ya hayo, Tanzania ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwanzoni mwa mwaka 1984, na ilikuwa vigumu kuutetea mkataba huo nje huku Katiba ya nyumbani ikiwa kimya.

Basi mwaka 1984 Katiba ikafanyiwa mabadiliko ya tano na sura ya haki ikaingia, na Zanzibar nayo ikapata Katiba mpya mwaka huo huo ikiwa na haki zake. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Sheria ya mpito iliyopitishwa pamoja na mabadiliko hayo iliahirisha uwezo wa mahakama kubatilisha sheria kwa msingi wa haki hizo kwa miaka mitatu, kuanzia Machi 1985 hadi Machi 1988, kwa maelezo kwamba Serikali inahitaji muda wa kuzisafisha sheria zake. Haki zilikuwa zimeandikwa na kuchapishwa, na mlango wa kuzidai ukabaki umefungwa. Usafi wenyewe haukufanyika kwa kiasi cha kuonekana, maana Tume ya Nyalali, iliyoundwa na Rais kuchunguza mfumo wa vyama vya siasa, ilipoleta ripoti yake mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitaja sheria 40 zilizokuwa zikikiuka haki, na ile ya kuweka watu kizuizini ilikuwa miongoni mwake.

Mlango ulipofunguliwa, aliyekuwa amesimama karibu nao ni Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu. Shauri lake ninalolipenda kuliko yote halikuanza na mwanasiasa wala mwanaharakati. Bibi mmoja wa Kihaya wa wilaya ya Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na Agosti 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba mauzo hayo yafutwe, akitegemea sheria za mila zilizochapishwa na Serikali mwaka 1963, ambazo zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo kwa maisha yake lakini hana ruhusa ya kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Bibi akakata rufaa, na hakimu wa wilaya akasema kwamba chini ya Katiba mpya mwanamke ana haki sawa na mwanamume wa ukoo huo huo. Nasisitiza mchango wa hakimu huyo kwa sababu sifa zote huenda kwa jaji, ilhali aliyethubutu kwanza alikuwa ofisa wa mahakama ya chini aliyesoma Katiba akaichukulia kwa uzito wake.

Shauri lilipofika Mwanza, Jaji Mwalusanya, katika hukumu ya Februari 1990, alikubaliana na hakimu. Alitumia ibara ya 13, alitumia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia, na zaidi ya yote alitumia kifungu cha sheria ile ile ya mpito kilichowataka majaji wasome sheria za zamani, zikiwamo za mila, pamoja na marekebisho yanayohitajika ili zipatane na Katiba. Silaha iliyotungwa ili kuchelewesha haki ilikuwa na kifungu cha kuziharakisha, naye alikiona. Hakuifuta mila yote: aliuachia ukoo nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, kama mila inavyofanya mwanamume anapouza. Alichokataa ni mila hiyo kumbagua muuzaji kwa kuwa ni mwanamke. Kwa maoni yangu hakuna hukumu nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwamba haki za katiba si mali ya watu wa mjini wenye mawakili.

Shauri la Daudi Pete, lililoanzia Musoma, lilihusu dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilikataza dhamana kwa kila mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lenye shambulio kubwa, tishio la nguvu au silaha ya moto, bila kujali ni nani, alifanya nini hasa, au kama kweli angetoroka. Jaji Mwalusanya alikitamka kifungu hicho kuwa batili, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubaliana na matokeo hayo. Ibara ya 15 inasema kwamba kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru, na inaruhusu uhuru huo uondolewe tu kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Mahakama ilisema kifungu kile hakikuweka utaratibu wowote wenye kumlinda mtu, bali kiliwakumba wote kwa pamoja, wenye hatari na wasio na hatari. Kutokana na shauri hilo, na lile la Kukutia ole Pumbun lililofuata mwaka 1993, tulipata kipimo ambacho wanasheria wetu wanakitumia hadi leo: sheria inayopunguza haki iwe na vizuizi dhidi ya matumizi ya kionevu, tena isiondoe haki kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali. Katika shauri hilo la pili Mahakama ilifuta sharti la kumtaka mwananchi apate kwanza kibali cha Serikali ili aweze kuishtaki Serikali. Bunge likajibu mwaka uliofuata kwa kuweka taarifa ya siku 90 badala ya kibali. Taarifa ni nafuu kuliko kibali, nakubali, lakini siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye nyumba yake inabomolewa kesho.

Nguvu ya kipimo hicho inategemea sana namna mahakama inavyoisoma ibara ya 30, ambayo ndiyo ibara ninayoiogopa katika sura yote. Inaorodhesha sababu ambazo kwazo sheria inaweza kuzipunguza haki: ulinzi, usalama wa jamii, amani, maadili, afya, mipango ya miji, madini, na mwisho kabisa jambo jingine lolote linalostawisha au kuhifadhi maslahi ya taifa kwa jumla. Fungu hilo la mwisho ni pana kiasi kwamba msomaji asiyependa haki anaweza kulitumia kuzimeza zote. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kinyama na inamtweza mtu, kinyume cha ibara ya 13, kisha ikasema inaokolewa na ibara ya 30. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikiamua suala hilo hilo, iliijadili hukumu yetu kwa heshima na ikafika uamuzi ulio tofauti. Sijawahi kuelewa vizuri jinsi jambo linavyoweza kutajwa kuwa la kinyama na papo hapo kuwa la lazima kwa manufaa ya umma, na wanafunzi wangu hawakuwahi kuniacha nipite hapo bila kunibana.

Mchungaji Christopher Mtikila ndiye aliyeujaribu mlango wa mahakama kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Mwaka 1993 alifungua shauri akipinga mambo kadhaa, na tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akiwa Dodoma, alitamka kwamba kumlazimisha raia ajiunge na chama ndipo agombee uongozi kunavunja haki yake ya kushiriki katika utawala wa nchi, na kwamba sheria ya kuomba kibali cha kukutana hadharani ni batili. Sehemu ya pili ya hukumu ndiyo iliyozaa utaratibu wa kutoa taarifa polisi kabla ya mkutano, ambao vyama vyetu vimekuwa vikivutana nao na polisi tangu hapo. Sehemu ya kwanza ilipata jibu la haraka zaidi. Muswada wa kubadilisha Katiba ulikuwa umekwisha kufikishwa bungeni siku chache kabla ya hukumu kusomwa, na Desemba ya mwaka huo ulipitishwa, ukaandika ndani ya Katiba yenyewe kwamba mgombea sharti awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho.

Mtikila hakukata tamaa. Alirudi Mahakama Kuu, na mwaka 2006 majaji watatu wakampa ushindi tena, wakisema hata mabadiliko ya Katiba hayawezi kuzipora haki za msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa maelezo kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika na ikaitaka irekebishe sheria zake. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao haukuwa na mgombea binafsi. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, ambayo ofisi zake zimo ndani ya ardhi yetu. Mara nyingi watu humkumbuka Mtikila kwa ukali wa ulimi wake, nami mambo mengi aliyoyasema majukwaani sikuyapenda hata kidogo. Lakini mtu anayetaka kujua Katiba yetu ina nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo inakomea wapi, hana historia bora ya kusoma kuliko mashauri yake.

Ni haki kusema kwamba maandishi yenyewe yameboreshwa. Ibara ya 18 ilipoandikwa mwaka 1984 ilianza kwa kuuweka uhuru wa maoni chini ya sheria za nchi, ikirudia sharti lile lile la Imani ya TANU, na mwaka 2005 sharti hilo liliondolewa. Kwa bahati mbaya ibara ya 30 ilibaki kama ilivyo, kwa hiyo kilichotolewa kwenye mlango wa mbele kiliweza kurudi kwa uani.

Katika miaka ya karibuni mashauri mawili yameonyesha pande zote mbili za hali yetu. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi aliishinda Serikali Mahakama Kuu katika shauri la kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, ilhali mvulana husubiri hadi 18. Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya Serikali Oktoba 2019. Mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha sheria ulipita bila marekebisho hayo kupitishwa. Upande wa pili ni wa dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilivitamka kuwa batili vifungu vinavyozuia dhamana kwa makosa kama utakatishaji fedha, ambavyo vimewaweka watu mahabusu kwa miaka wakisubiri upelelezi ukamilike. Agosti ya mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miaka 29 baada ya shauri la Daudi Pete, swali lilikuwa lile lile, jibu likawa jingine.

Mwaka 2020 pia ulileta badiliko dogo kwa maneno na kubwa kwa uzito wake. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ambayo tangu 1994 ndiyo inayoongoza namna ya kufungua mashauri haya na inayotaka yasikilizwe na majaji watatu, ilirekebishwa ili kila anayefungua shauri aape kwa hati ya kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika na ukiukwaji anaoulalamikia. Kabla ya hapo ibara ya 26 ilieleweka, tangu hukumu ya Jaji Lugakingira, kwamba inampa kila raia uwezo wa kwenda mahakamani kuilinda Katiba hata kama yeye si mwathirika. Waliolitetea badiliko hilo walisema mahakama zilikuwa zikijazwa mashauri ya watu wasiohusika, na sikatai kwamba yapo mashauri ya kutafuta umaarufu. Tuupime utaratibu huo kwa shauri ambalo karibu kila mtu anakubali lilistahili kufunguliwa. Gyumi alipolifungua alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyekwisha kuupita umri ule, na kwa kipimo kipya angeulizwa kifungu cha ndoa za watoto kinamdhuru yeye kwa namna gani. Anayedhurika ni msichana wa miaka 15 aliyekwisha kuolewa, na kwa kipimo hicho yeye ndiye ambaye angetakiwa kuapa hati ya kiapo, atafute wakili, na asimame dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali mbele ya majaji watatu wa Mahakama Kuu.